‘Mwanangu kapona, vidonge vya nini tena?’

Ujumbe uliingia kwenye simu yangu usiku wa Jumapili. Aliyeandika ni mama wa Wesha, kisiwani Pemba, na habari yenyewe ni ya mwanawe wa kiume mwenye miaka 31, mvuvi, aliyepatikana na saratani ya damu miaka mitatu iliyopita. Ameniruhusu kuyatumia maneno yake mradi nisitaje jina.

“Asalam alaykum daktari,” aliandika (wengi huniita hivyo, ingawa mimi ni mfamasia). “Mwanangu kapona. Anakwenda baharini kama zamani, tumbo limerudi, damu walipima Chake wakasema nzuri. Sasa mwezi wa pili huu hajala vidonge. Mimi namwambia arudi Dar, yeye anasema mtu asiyeumwa hali dawa. Nani mkweli baina yetu?”

Nilimjibu asubuhi yake kwa maneno mawili: wewe, mama. Lakini jibu la maneno mawili halimrudishi kijana kwenye dawa, hasa kijana ambaye kila mtu mtaani anamwona ana nguvu zake. Leo nataka kulieleza jibu hilo kwa urefu, kwa sababu swali hilihili huulizwa na wengi wanaotumia dawa za aina hii, na wengi wao huliuliza wakiwa wameshaacha.

Ilianzia kwenye tumbo

Ugonjwa wa kijana huyo unaitwa kwa kifupi CML. Ni saratani ya uboho wa mifupa inayozalisha chembe nyeupe za damu bila kiasi, na huenda polepole. Mgonjwa anaweza kukaa mwaka na zaidi akihisi uchovu tu, akitoka jasho usiku, akipungua uzito, huku upande wa kushoto chini ya mbavu ukizidi kuwa mzito. Uzito huo ni bandama, ambayo imejaa chembe hadi imevimba.

Katika visiwa ambavyo homa ya malaria iliwatesa watu kwa vizazi, bandama iliyovimba haimshtui mtu. Nyumbani kwao wazee walisema ni homa za utotoni zimerudi. Alimeza dawa za malaria, kisha za minyoo, kisha akapelekwa kwa mtu wa mitishamba. Ilipita karibu miezi minane kabla ya mhudumu mmoja wa afya kuagiza hesabu kamili ya damu. Chembe nyeupe za mtu mzima huwa kati ya 4,000 na 11,000 katika milimita moja ya ujazo wa damu. Zake zilikuwa zaidi ya laki mbili.

Hapa naomba msomaji mwenye mtoto au ndugu mwenye tumbo la namna hiyo anisikilize kidogo. Hesabu kamili ya damu ni kipimo cha kawaida kwenye hospitali zetu kubwa, na majibu yake hupatikana siku hiyohiyo. Bandama iliyovimba kwa majuma kadhaa, huku kipimo cha malaria kikisema hakuna, inastahili kipimo hicho. Kwa watoto CML ni nadra, lakini homa isiyoisha, weupe wa viganja, michubuko isiyo na sababu na tumbo kuvimba ni dalili za saratani nyingine za damu pia, na hizo hazisubiri kama hii inavyosubiri.

CML hairithiwi wala haiambukizi. Mke, watoto na mwenye kula sahani moja na mgonjwa hawana la kuogopa. Chanzo chake ni ajali ndani ya seli moja ya uboho: kromosomu ya 9 na ya 22 zinakatika vipande na kubadilishana. Kromosomu fupi inayobaki iligunduliwa mwaka 1960 na Peter Nowell na David Hungerford katika mji wa Philadelphia, Marekani, na mpaka leo inaitwa kwa jina la mji huo. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha kwamba kipande hakikupotea, kimehamia kwingine. Pale vipande vilipoungana hutokea jeni ambayo binadamu hakuumbwa nayo, na jeni hiyo hutengeneza protini inayoitwa BCR-ABL.

Dalali wa ndani ya seli

Kila seli ya mwili hufanya kazi kwa kupashana habari. Habari ya “jigawe, tunahitaji damu zaidi” hutoka nje, hupokewa mlangoni, kisha hupitishwa mkono kwa mkono mpaka kwenye kiini. Wapokezaji ni protini, na si zote za namna moja. Zipo zenye kazi ya mikono: hukata, huunga, hubandika. Nyingine hazifanyi lolote la namna hiyo. Kazi yake ni kumshika huyu kwa mkono mmoja na yule kwa mkono mwingine, wakutane.

Aliyewahi kusimama dikoni wakati ngarawa zinaingia atanielewa. Mvuvi ana samaki, mnunuzi ana pesa, na katikati yupo dalali. Hana chombo, hana nyavu, hana duka. Lakini asipokuwepo mnada haufanyiki, samaki wanabaki kwenye tenga. Protini hizi zisizo na mtaji ndizo madalali wa seli. Mmoja wao anaitwa GRB2, aliyeelezwa na watafiti mwaka 1992. Ana mikono mitatu. Wa katikati hushika alama fulani tu, nayo ni fosfeti iliyobandikwa mahali maalumu kwenye protini nyingine. Ile miwili ya pembeni humshikilia mwenzake aitwaye SOS, na SOS ndiye anayemwamsha RAS, mtoa amri mkubwa wa kukua na kujigawa.

Kwa mtu mzima wa afya, alama hupandishwa pale mwili unapohitaji, kisha hushushwa. BCR-ABL haishushi. Ni kama mvuvi aliyepandisha bendera ya “nina samaki” mchana na usiku, awe nao asiwe nao. GRB2 hana akili ya kuuliza. Akiona alama anashika, anamvuta SOS, RAS anaamka, seli inajigawa. Mwaka 1993 watafiti walionyesha kwamba ukiifuta ile sehemu moja ya BCR-ABL anayoishika GRB2, protini hiyo inapoteza nguvu ya kuharibu seli za damu. Yaani sehemu kubwa ya balaa inapitia mikononi mwa dalali.

Kidonge kinaingia wapi

Wengi hudhani dawa ya saratani ni sumu inayoua seli. Zipo hizo, na ndizo zinazonyoa nywele. Kidonge cha kijana wa Wesha, imatinib, kinachojulikana pia kwa jina la kibiashara la Glivec, hakifanyi hivyo.

BCR-ABL ili ipandishe alama yake inahitaji nishati, na nishati hiyo huingia kwenye kishimo kidogo kilicho mwilini mwake. Imatinib iliundwa ikiwa na umbo la kukaa katika kishimo hicho. Ikishakaa, nishati haina pa kuingia, alama haipandi, na dalali GRB2 anapita mikono mitupu. Seli hazisikii tena amri, nyingi hufa zenyewe, na uboho unarudi kwenye kazi yake ya kawaida. Bandama husinyaa. Jamaa wanasema “kapona”.

Lakini ile jeni bado ipo. Katika seli za mizizi zilizojificha ndani ya uboho, BCR-ABL inaendelea kutengenezwa kila siku, na kila siku inahitaji kuzibwa. Nusu ya imatinib iliyomo mwilini huondoka kila baada ya saa 18 hivi. Mtu akiacha Jumatatu, kufikia Ijumaa kilichobaki ni kidogo mno. Kishimo kinafunguka, bendera inapanda, na dalali yupo palepale, hakuhama.

Ndiyo maana hesabu nzuri ya damu ya Chake haikuwa na maana aliyoipa kijana. Mgonjwa anapogunduliwa huweza kuwa na seli mbaya zaidi ya bilioni elfu moja. Hesabu ya damu ikishakuwa ya kawaida, bado anaweza kubaki na mabilioni, ila zimechanganyika na nzima hazionekani kwa kuhesabu. Kinachoziona ni kipimo kingine, kinachotafuta alama za jeni ya BCR-ABL na kinachoweza kuikuta seli moja mbaya kati ya laki moja. Madaktari hutaka kiwango hicho kishuke hadi asilimia 10 au chini yake ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, asilimia 1 kwa miezi sita, na asilimia 0.1 kufikia mwaka. Muulize daktari wako uko wapi katika ngazi hiyo. Ni haki yako kujua namba yako, kama mwenye kisukari anavyojua yake.

Ilivyofika kwetu

Kabla ya dawa hii, wengi waliopatikana na CML walikufa ndani ya miaka mitano au sita. Haidroksiyurea, inayojulikana na wazazi wa watoto wenye selimundu, ilishusha idadi ya chembe lakini haikuugusa mzizi. Wagonjwa wa kwanza walijaribiwa imatinib mwaka 1998 chini ya Brian Druker wa Oregon, Marekani, na Mei 2001 ikaruhusiwa nchini humo. Katika utafiti mkubwa ulioandikisha wagonjwa 1,106 wa nchi mbalimbali, waliopewa imatinib tangu mwanzo walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka kumi, na ilipotimia miaka hiyo kumi 83 kati ya 100 walikuwa hai.

Bei yake ilikuwa hadithi nyingine. Ilianza kwa zaidi ya dola 25,000 kwa mwaka, na kufikia mwaka 2012 huko Marekani ilikuwa imepanda hadi dola 92,000 hivi. Hakuna mvuvi wa Pemba, wala mwenye duka la Kariakoo, ambaye angeimeza kwa bei hiyo. Mwaka 2002 mtengenezaji wake, Novartis, na shirika la The Max Foundation walianzisha mpango wa kuitoa bure kwa wagonjwa wa nchi zisizo na uwezo. Kwa Kenya ulipitia Nairobi, na kwa Tanzania ulipitia Taasisi ya Saratani Ocean Road, ile hospitali ya ufukweni Dar es Salaam iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiingiza imatinib katika orodha ya dawa muhimu, na hataza zilipomalizika viwanda vingine vikaanza kuitengeneza kwa bei ndogo.

Wagonjwa wetu wana jambo moja linalowatofautisha na wa Ulaya. Kule CML hupatikana zaidi kwa watu waliokwishapita miaka hamsini au sitini. Afrika Mashariki wengi wapo katika miaka ya thelathini na arobaini: wanaolea, wanaojenga, wanaosubiri mtoto wa kwanza. Mtu wa umri huo kumwambia ameze vidonge maisha yake yote si jambo jepesi, na naona sisi tunaotoa dawa tunalisema kwa haraka mno, tukiwa tumeinamia karatasi.

Siku tatu kwa mwezi

Wapo wasomaji watakaosema: haya, mwezi wa pili ni mwingi, lakini siku moja moja? Mwaka 2010 madaktari wa hospitali ya Hammersmith, London, walichapisha utafiti wa wagonjwa 87 wa CML waliokuwa wanaendelea vizuri. Waliwapa chupa za vidonge zenye kifuniko kinachoandika kila kinapofunguliwa, wakawafuatilia kwa miezi mitatu. Robo hivi ya wagonjwa hao walimeza asilimia 90 au chini ya vidonge vyao, maana yake waliruka siku tatu au zaidi kila mwezi. Walipokadiria matokeo ya miaka sita ya matibabu, waliozidi asilimia 90 walikuwa na uwezekano wa 94 kati ya 100 wa kuufikia ule ushukaji mkubwa wa BCR-ABL. Wasiozidi, 28 kati ya 100. Na waliomeza asilimia 80 au chini yake hawakufika hata mmoja.

Siku tatu kwa mwezi! Ni safari moja ya kulala dago Misali, au msiba mmoja wa Micheweni ambao mtu ameondoka nao bila mfuko wake.

Kuna hatari nyingine ya kuruka. Dawa ikiwa kidogo mwilini seli mbaya hazifi zote, na zinazobaki huendelea kujigawa. Katika kujigawa huko huweza kutokea moja ambayo kishimo chake kimebadilika umbo, imatinib haikai tena. Ikifikia hapo mgonjwa anahitaji dawa nyingine, kama dasatinib au nilotinib, na lipo badiliko moja ambalo hata hizo mbili haziliwezi.

Sababu zake za kweli

Jumanne mama alimpa mwanawe simu. Kijana hakuwa mbishi kama nilivyotarajia. Alinipa sababu, na moja tu ndiyo niliyoitegemea.

Ya kwanza ni macho. Kila asubuhi kope zilivimba kama mtu aliyelia usiku kucha. Hilo ni dhara la kawaida la imatinib, pamoja na kukazwa na misuli ya miguu, kichefuchefu na kuharisha. Mara nyingi kupunguza chumvi husaidia, na kumeza kidonge katikati ya chakula kwa glasi kubwa ya maji hupunguza kichefuchefu. Kuvimba kwa mwili mzima, uzito kupanda ghafla, kupumua kwa shida, macho kuwa manjano, homa au kutokwa na damu ni mambo mengine. Hayo ni ya hospitali siku hiyohiyo.

Ya pili sikuitegemea. “Ngozi imenipauka,” alisema. “Dikoni wananiita mkorogo.” Uso na mikono vimekuwa vyeupe kuliko mwanzo, na wenzake wanaamini anajipaka krimu za kujichubua. Kwa mvuvi wa miaka 31 hilo si dogo. Ukweli ni kwamba imatinib huziba pia protini nyingine iitwayo KIT, ambayo seli zinazotengeneza rangi ya ngozi huitegemea. Kwa watu wenye ngozi nyeusi mabadiliko hayo huonekana zaidi. Hayana madhara, na kwa kawaida rangi hurudi dawa ikipunguzwa au ikibadilishwa, jambo ambalo ni la daktari kuamua. Nilimuuliza kama aliwahi kuambiwa. Hakuwahi. Dakika mbili za maelezo siku ya kwanza zingeweza kuziokoa siku sitini.

Ya tatu ni bahari yenyewe. Kutoka Wesha ni daladala mpaka Chake, kutoka Chake mpaka Mkoani, boti mpaka Unguja, boti nyingine mpaka Dar es Salaam, kisha kulala. Dawa anapewa bure, safari hapewi. Msimu huu karafuu hazikuwa na pesa nyumbani kwao, akaahirisha kliniki mara moja, na baada ya kuahirisha mara moja akaona aibu kwenda. Kama upo katika hali hiyo, piga simu kliniki kabla ya tarehe yako kupita. Uliza kama mgonjwa aliyetulia anaweza kupewa dawa ya miezi mitatu, na kama hesabu ya damu inaweza kufanyiwa karibu na kwako ukaenda na karatasi. Hakuna aliyefukuzwa kwa kuuliza.

Sababu ya nne aliisema kwa sauti ya chini. Ameoa mwaka jana, na kuna aliyemwambia dawa ya saratani inaharibu mtoto tumboni. Nikamweleza kwamba kwa mwanamume anayetumia imatinib, taarifa zilizokusanywa kwa miaka mingi hazikuonyesha madhara kwa watoto wanaozaliwa, ingawa daktari wake ajulishwe. Kwa mwanamke ni tofauti kabisa. Imatinib haitumiwi wakati wa ujauzito wala kunyonyesha, na anayetaka kupata mtoto azungumze na daktari kabla ya kushika mimba, si baada.

Wapo wanaoacha kwa ruhusa

Kijana ana rafiki Muscat aliyemsimulia kwamba Ulaya watu wanaacha dawa hii. Ni kweli, na si vyema kumficha. Mwaka 2010 madaktari wa Ufaransa walitangaza matokeo ya wagonjwa 100 walioachishwa imatinib kwa makusudi. Lakini wote walikuwa wameitumia kwa miaka, na kwa angalau miaka miwili mfululizo kipimo cha BCR-ABL hakikuona chochote. Baada ya kuacha walipimwa damu kila mwezi. Hata hivyo zaidi ya nusu ugonjwa uliwarudia, wengi ndani ya miezi sita. Wakarudishiwa dawa mapema kwa sababu kipimo kiliona kabla ya mwili kuhisi. Karibu 40 kati ya 100 walikuwa salama bila dawa mwaka mmoja baadaye.

Tofauti ya mgonjwa wa Ufaransa na wa Wesha ni kipimo cha kila mwezi. Asiye nacho hajaachishwa dawa, amejitosa. Huenda pengo hilo likapungua: kipimo cha BCR-ABL siku hizi kinaweza kufanywa kwa mashine ya GeneXpert, ileile inayopimia kifua kikuu, ikiwekewa kikasha chake. Pemba haijawahi kuwa ngeni kwa maabara. Pale Wawi maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri ilifunguliwa mwaka 2000, na watoto wa kisiwa wametoa damu na choo kwa tafiti zilizosomwa dunia nzima. Binafsi naona haki ya kulipwa kwa namna fulani ipo.

Kwa nini wasimkamate dalali?

Swali hili niliulizwa na mama mwenyewe, nikafurahi. Kama GRB2 ndiye anayepitisha amri, kwa nini dawa isimshike yeye?

Wanasayansi wamejaribu tangu miaka ya 1990. Ugumu ni kwamba BCR-ABL ina kishimo kirefu cha kukaa kidonge, wakati dalali hana. Mkono wake ni kama kiganja kilichofunguka, karibu bapa, na dawa ndogo huteleza. Vitu vilivyotengenezwa kuufanana na ile alama ya fosfeti vilimshika vizuri kwenye vyupa vya maabara lakini vilishindwa kupenya ndani ya seli hai. Njia nyingine haimkamati, inazuia asizaliwe: kipande kifupi cha kemikali ya kijeni, kilichofungwa ndani ya tone la mafuta, huingia katika seli na kuizuia isitengeneze GRB2. Matokeo ya kwanza kwa wagonjwa wa saratani za damu yalichapishwa mwaka 2018 na yalihusu zaidi usalama wake. Haipo hospitalini, na anayekuuzia kitu mtaani kwa jina la namna hiyo anakuibia.

Tena GRB2 anahudumia seli nzima pia. Ukimfunga mikono kila mahali, unafunga na minada ya halali. BCR-ABL ipo katika seli za saratani tu, na hiyo ndiyo bahati iliyoifanya imatinib ivumiliwe na watu kwa miaka ishirini.

Mambo machache ya nyumbani

Ukisahau kidonge na ukakumbuka siku ileile, meza na chakula. Ikiwa saa ya kinachofuata imekaribia, acha, usimeze viwili. Mtoto asiyeweza kumeza, kidonge huyeyushwa katika maji au juisi ya tufaha, kikikorogwa kwa kijiko na kunywewa palepale. Mama mjamzito asikiponde wala asikishike kilichovunjika. Balungi liache, maana hupandisha dawa kwenye damu. Dawa za kifua kikuu zenye rifampisini na baadhi ya za kifafa huishusha, kwa hiyo kila anayekuandikia dawa, hata ya wiki moja, ajue unatumia imatinib. Mitishamba nayo itajwe bila kuogopa kukemewa.

Mwezi wa Ramadhani, mwenye kumeza miligramu 400 mara moja kwa siku anaweza kuhamishia kidonge kwenye futari, pamoja na maji ya kutosha. Azungumze na daktari wake kabla ya mwezi kuandama, hasa kama anaharisha au anatapika.

Baada ya mazungumzo yale kijana alipiga simu kliniki mwenyewe. Hakukaripiwa. Aliambiwa aanze chupa moja aliyobakiza, apime hesabu kamili ya damu Chake, kisha avuke na karatasi.

Mama alibaki na swali moja la mwisho. Jirani yake ana saratani ya matiti, amesikia habari za kidonge kinachosinyaza uvimbe, akaomba agawiwe nusu ya chupa ile. Nikamwambia hapana, kwa upole niwezao. Imatinib inafaa pale tu penye kishimo cha umbo lake: CML, aina moja ya saratani kali ya damu, uvimbe fulani wa tumbo na utumbo, na magonjwa machache mengine. Saratani ya matiti inaongea kwa protini nyingine, ina dawa zake, na mlango wa kuziendea ni kipande cha nyama kilichopimwa maabara. Jirani aende akapimwe, tena wiki hii.

Alhamisi alinitumia picha ya karatasi ya damu. Chembe nyeupe 19,400. Miezi minne iliyopita zilikuwa 6,200. Chini yake ameandika: “Kaisoma mwenyewe. Tunavuka Jumapili, inshallah.”